Maneno ya Nyuma ya Picha

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nimemaliza kijitabu. Kurasa arobaini za kumfundisha mtu asiyejua lolote kuandika programu za kompyuta. Kiswahili kitupu, mifano ya migomba na maziwa. Jumamosi kamati ya usharika wetu hapa Marangu inachagua mwalimu wa darasa jipya kwa kupima vijitabu vyetu: mimi au Herieth. Mama nimeshamwambia ni mimi. Naye ameshaiambia kwaya nzima.

Jumatano, 11 Juni
Balaa! Kati ya wanafunzi yumo Elisifa, binti asiyeona. Simu yake humsomea kwa sauti. Nikamtumia kijitabu. Simu ikasema picha, picha, picha, mara arobaini. Kurasa zote nilizipiga picha, Herieth asije akanakili. Elisifa akauliza kwa upole kama somo linaanza baada ya hizo picha. Cha Herieth, alisema, kinasomeka chote.

Alhamisi, 12 Juni
Nimepata dawa. Nyuma ya kila picha kuna nafasi ya maelezo. Mwenye macho hayaoni, simu huyasoma. Kuchapa upya kurasa arobaini? Sina wazimu.

Ijumaa, 13 Juni
Nimechoka. Ukurasa wa tisa: "Hapa tunajifunza kurudia." Wa kumi: "Kama uliotangulia." Kufika wa ishirini hasira zimenipanda, nikaandika ya moyoni: "Hapa Herieth mwenyewe hajui, anajifanya." Wa thelathini na moja: "Mzee Evaristo hajui hata kuwasha kompyuta, atapitisha tu." Huyo ndiye mwenyekiti. Nimeshamtumia Elisifa. Yeye husikiliza kwa vidude vya masikioni, na ni mpole, hatasema.

Jumamosi, 14 Juni
Mbele ya kamati Elisifa alianza kukisikiliza kijitabu changu. Mzee Evaristo aliomba vidude vitolewe masikioni, wazee nao wasikie. Nikaanza kuhesabu kurasa. Kumi na saba. Kumi na nane. Nikapendekeza tusimame kwa sala, wakasema tumeshasali. Ukurasa wa ishirini nilikohoa kwa nguvu zote. Elisifa akairudisha simu nyuma, isikike vizuri. Herieth aliinamisha kichwa. Ule wa thelathini na moja sikukohoa, nilimtazama tu Mzee Evaristo akiusikiliza.

Amepewa Herieth. Elisifa alinipa pole, akasema alitaka kujifunza kuandika programu, na kurasa arobaini zimeisha hajaandika hata mstari. Hilo limeniuma kuliko yote.

Jumapili, 15 Juni
Baada ya ibada Herieth ameniomba niwe msaidizi wake. Nichape kurasa upya, picha zitakazobaki niziwekee maelezo. Nimekubali kwa unyenyekevu. Wazee walikuwa nyuma yetu wakinicheka kwa Kichagga.

Hapo ndipo wazo likanijia. Safari hii ya moyoni nitayaandika kwa Kichagga. Simu ya Elisifa haijui Kichagga, itatamka tu. Hapa Marangu nani ataelewa?