Kidonge, Kabichi na Mwiko Wangu

Jumatano, 26 Novemba
Daktari Ružica kanipa vidonge vya kushusha kolesteroli. Kaonya: nikitoka vipele au midomo ikivimba, niviache na nikimbilie kwake. Nilicheka. Ngozi hii! Jeshini nyuki mia tatu waliniuma. Wakafa wote, mimi nikaendelea kula. Nimemeza kimoja. Jumamosi tunachinja nguruwe, na mwiko wa kukaanga čvarci, vile vipande vikavu vya mafuta ya nguruwe vinavyolia mdomoni, ni wangu mwaka wa ishirini sasa. Borivoje, kaka wa mke wangu, anaumezea mate.

Alhamisi, 27 Novemba
Vipele! Kifua chekundu kama paprika. Mke wangu Stamenka akijua, mimi kitandani, mwiko kwa kaka yake. Thubutu! Nimejifunga majani ya kabichi yaliyolowekwa kwenye rakija, pombe kali ya plamu, dawa ya marehemu mama kwa kila ugonjwa. Mke nimemwambia ni fulana ya sufu. Kisha nikameza viwili, mwili uzoee.

Ijumaa, 28 Novemba
Midomo imevimba. Nimesingizia nyuki. Stamenka kauliza tangu lini nyuki wanaruka kwenye theluji, na mbona mumewe ananuka kabichi na kilabu kwa pamoja. Nikameza cha nne.

Jumamosi, 29 Novemba (naandika nikiwa kitandani, zahanati)
Mwiko mkononi, skafu hadi puani. Mafuta yanachemka. Borivoje akanizunguka: shemeji, leo umekuwa bibi harusi? Hebu funua tukuone! Nikataka kumtukana. Sauti haikutoka. Koo limebana, pumzi inapita kwa kuibia. Nikakoroga tu. Macho yakaingia giza. Borivoje akaninyang'anya mwiko, akautupa thelujini, akanibeba hadi garini akifoka: pumua, mjinga wewe, ukifa nitagombana na nani Krismasi? Sindano. Daktari anasema dakika kumi zaidi, basi.

Jumatatu, 1 Desemba
Nyumbani. Čvarci ziliungua zikawa makaa. Kijiji kizima kinajua nani aliacha sufuria motoni: Borivoje! Daktari kaandika "mzio" kwa wino mwekundu, kaagiza vidonge vilivyobaki vitupwe. Vitupwe? Ishirini na sita, vizima? Nimemwanzishia dozi nguruwe wa kuchinjwa mwakani, kimoja ndani ya mahindi. Atakua bila kolesteroli hata chembe, nami nitakula ndoo nzima.

Jioni hii pua yake imevimba kidogo. Nimemfunga kabichi.