Giaboksi ya Sebuleni

Mtu aliyejiita Mshauri wa Magari hakuwa na gari. Alikuwa na koti la kijivu, simu mbili ambazo moja haikuwa na laini, na giaboksi ya otomatiki ya gari la kisasa iliyokaa sebuleni kwa dada yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma, televisheni juu yake. Shemeji yake alikuwa amekubali kumhifadhi kwenye kochi kwa wiki mbili hivi, na zile wiki mbili sasa zilikuwa na mwaka na miezi. Ndipo dada mtu akamwambia wazi, huku akipangusa vumbi, kwamba ikifika mwisho wa mwezi awe amepata chumba chake, ahame na hilo lichuma lake.

Lakini kulidharau lichuma hilo ni kutomjua Mshauri. Lile ndilo lililomlisha. Lilikuwa zima, limeoshwa kwa mafuta ya taa, limepakwa rangi ya fedha, na wateja wanne walikuwa wameliona kwa macho yao, wakalisifia, kisha wakaondoka na jingine lililopakwa rangi ileile, ganda tupu lisilo na kitu tumboni. Lenyewe halikuuzwa hata siku moja. Mtu hauzi chambo.

Jumatatu hiyo alikuwa kwa mziba pancha, akitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba, Mkandarasi wa kokoto alipoingia na uso uliokunjamana. Lile gari lake kuukuu la kuvuta magurudumu yote manne, la kupandia machimboni, lilikuwa limekufa giaboksi. Alitaka ya gia za mkono, ileile liliyotoka nayo kiwandani, na mji mzima alikuwa ameuzunguka bila kuipata. Alisema aliye nayo amletee, ataje bei mwenyewe.

Mshauri alisahau soda mdomoni. Na kama vile mambo yamepangwa, likapita barabarani gari la aina ileile, kijani iliyopauka, limebeba vitanda viwili juu, na kwenye usukani Mama Fanicha, mjane mwenye karakana ya samani kule chini mteremkoni, akikanyaga klachi kwa uso wa mtu anayekanyaga msumari.

Kabla ya saa sita alishakaa kwenye stuli katika karakana hiyo, katikati ya unga wa mbao na harufu ya gundi, akinywa chai aliyoletewa na binti wa mwenye karakana, msichana mwenye penseli nyuma ya sikio aliyerudi kupiga randa bila kumtazama mara ya pili.

"Mama, hilo goti la kushoto limeanza kukusumbua lini?" aliuliza kwa sauti ya kuuguza.

"Nani kakwambia nina goti?"

"Gari lako, mama. Linalia likipanda mlima, na wewe unalia nalo."

Akamweleza. Gari la marehemu lilikuwa chuma kweli, hakuna aliyebisha, lakini giaboksi yake ilikuwa ya zama zile watu walipokuwa na magoti. Siku hizi mtu anachukua otomatiki ya gari jipya, ya gia sita, anaifunga kwenye gari la zamani, basi: mguu wa kushoto unapumzika, gari linajibadilishia gia lenyewe, na aliyekaa ndani hasikii kitu. Yeye anayo moja, safi, anamtunzia mtu mwenye kustahili. Fedha hataki. Ampe tu ile kuukuu, wabadilishane chuma kwa chuma.

Mama Fanicha alipima ubao kwa jicho, akauweka chini. "Na wewe unapata nini hapo?"

"Baraka zako, mama."

"Baraka ninazo nyingi, mwanangu. Ila sijawahi kuona mtu akiteremka mlima wote huo kuzifuata."

Hata hivyo kesho yake alikubali, na alibana kama wanavyobana watu wenye mali. Fundi alipwe na Mshauri. Grisi na mafuta ni juu ya Mshauri. Yeye mchango wake ungekuwa masanduku mawili ya mbao, ili hizo giaboksi zisafirishwe kwa heshima zisiburuzwe kama mbuzi. Mshauri alikubali yote huku akijizuia kucheka. Alikuwa ameomba tu ruhusa ya kulijaribu gari, akalipandisha mlima mpaka gereji na kulirudisha, na giaboksi ilikuwa kimya, tulivu, haina hata mlio. Moyoni alishapanga chumba, tena chenye dirisha.

Gereji ilikuwa juu kabisa ya mteremko, na Fundi wake alikuwa kijana mtu mzima asiye na maneno. Mshauri alimpenda kwa hilo, maana mtu asiyesema ni rahisi kuamini kwamba amekubali. Siku ya maonyesho giaboksi nzima ililetwa kutoka sebuleni pamoja na kompyuta yake ndogo, kile kisanduku kinachoiambia ibadilishe gia lini. Mama Fanicha aliizunguka, akaigonga kwa kidole kama anavyogonga mlango wa kabati, akasikiliza. Fundi, kwa sentensi chache, alimweleza kazi ilivyo: hii ni ndefu kuliko ile ya zamani, kwa hiyo lichongwe bamba la kuiunganisha na injini, kile chuma cha kuibeba kisogezwe nyuma, na shafti za kupeleka nguvu magurudumuni zirekebishwe urefu, moja ikatwe, nyingine iongezwe.

Mama alipoondoka, Mshauri alimvuta Fundi pembeni na kumnong'oneza utaratibu. Afunge ganda tupu. Ile nzima airudishe kwenye sanduku. Fundi alitikisa kichwa kukubali, akaendelea kufuta spana.

Msomaji ataona tatizo: gari lenye ganda tupu haliendi. Mshauri alishalifikiria hilo, na hapo ndipo alipojiona msomi. Gereji iko juu, karakana iko chini. Gari lingeteremka lenyewe, injini ikinguruma bure, gia imewekwa kwenye alama ya kwenda mbele, naye akilisifia njia nzima. Kulipandisha tena lingekuwa suala la siku nyingine, na siku nyingine yeye angekuwa amebadilisha laini ya simu.

Kazi ilichukua siku tisa. Asubuhi ya kumi, mkokoteni ulipeleka sanduku la kwanza, lenye giaboksi kuukuu, kwa Mkandarasi, na sanduku la pili likarudi sebuleni kwa dada yake, limepigwa misumari kila pembe, zito vilevile. Mambo yalikuwa yananyooka. Mshauri alivaa koti, akaketi kwenye usukani, Mama Fanicha kando yake, akawasha injini, akasukuma gia mbele na kuachia breki.

Gari lilianza kuteremka taratibu. Alihisi kama linamvuta kidogo mgongoni, akasema kimoyomoyo kwamba mteremko huu ni mkali kuliko alivyodhani.

"Unasikia kitu, mama?"

"Sisikii."

"Ndiyo hivyo. Hutasikia kitu."

Walifika mlangoni pa karakana wametulia kama maharusi. Mama Fanicha akafurahi, akasema sasa wageuze wapande juu, aone na mlima. Mshauri alizima injini haraka. Alisema giaboksi mpya ni lazima ilale siku nzima mafuta yakae mahali pake. Mama akasema atajaribu kidogo tu. Mshauri akasema ana mgonjwa, tena mgonjwa mahututi, akamwachia ufunguo mkononi na kuanza kupanda mlima kwa miguu, haraka haraka, bila kugeuka, kama mtu aliyeacha kitu jikoni.

Alikuwa nusu ya mlima aliposikia mngurumo nyuma yake. Alisogea pembeni kwa adabu. Gari la kijani lililopauka lilimpita likipanda, laini, bila kusita, likabadilisha gia mbele ya macho yake, na dirishani Mama Fanicha akampungia mkono.

Mshauri alisimama pale barabarani. Jambo la kwanza alilofikiri ni kwamba ni muujiza, na kwa dakika nzima alijivunia. La pili lilimfanya akimbie mpaka nyumbani. Alitafuta nyundo, akalipasua sanduku mbele ya watoto wa dada yake, na ndani akakuta ganda lake tupu la rangi ya fedha, limejazwa vipande vya mbao ngumu ili lisionekane jepesi, vimepangwa vizuri kabisa, kwa mkono wa mtu anayeijua mbao. Akiwa bado amepiga magoti, simu yenye laini ikaita.

"Njoo uchukue uji wako," alisema Mkandarasi.

Alipofika alioneshwa. Mkandarasi alikuwa amefungua nati ya kumwagia mafuta chini ya giaboksi, na kilichokuwa kinatoka taratibu kilikuwa grisi iliyochanganywa na unga wa mbao, kikombe baada ya kikombe. Meno ya gia yalikuwa yamelika yamebaki vigutu. Unga ndio uliokuwa umeyanyamazisha. Mkandarasi hakumpiga. Alimtaka tu aliondoe dude lake kwa mkokoteni uleule, na asimwone tena kwa mziba pancha.

Mshauri alifikiria kushitaki. Aliwaza kwa makini angeanzaje: aseme aliahidi kumpa mteja giaboksi nzima, na kwa bahati mbaya mteja ameipata? Aliumia, tena aliumia kweli, kuliko hata siku mke wake alipoondoka, maana mke alikuwa amemuonya.

Nyumbani televisheni ilikuwa imewekwa juu ya sanduku lililopasuka, imeinama upande. Shemeji, mtu mpole, alivumilia taarifa za habari mbili akiwa ameinamisha shingo. Ya tatu akatoa hela, akamwambia Mshauri aende akalete meza ya televisheni, na siku meza itakapoingia, yeye atoke. Karakana ya samani iliyo karibu ilikuwa moja tu.

Mama Fanicha alimpokea vizuri. Alimchagulia meza imara, akapunguza bei bila kuombwa, na akasema ataifikisha mwenyewe. Fundi ndiye aliyeipakia. Alikuwa amevaa shati safi, na yule binti mwenye penseli sikioni alimshikia upande wa pili.

"Taratibu na miguu yake, mkwe wangu," Mama Fanicha alimwambia Fundi.

Mshauri alipanda mbele, akafunga mlango. Alikuwa amekunywa chai katika karakana ile mara tatu na hakuwahi kuuliza habari za mtu yeyote isipokuwa goti. Mama akawasha gari.

"Fundi aliniambia habari za maganda yako siku ileile uliyoniletea habari za baraka; wateja wako wote wanne waliishia kwake," alisema, macho barabarani. "Posa yake ilikuwa imekaa kwangu miezi miwili, sijaijibu. Kijana hasemi, nikadhani hana kitu kichwani. Unga nilitia mimi, mwaka jana. Masanduku tulifikiri pamoja."

Mbele yao mlima ulikuwa unaanza. Gari lilishusha gia, likajikaza, likapanda, na yeye alikaa amekumbatia begi lake la nguo, lile alilokuwa amekuja nalo kabisa ili asirudi ndani kulichukua, akiisikiliza giaboksi yake kwa mara ya kwanza tangu aimiliki.

"Unasikia kitu, mwanangu?" aliuliza Mama Fanicha.

Alisikiliza kwa uaminifu mpaka walipofika kileleni.

"Sisikii, mama," alisema.