Kitako cha Kijerumani

Shakir Bahero alikuwa amesimama kwenye kaunta ya duka la vifaa vya uwindaji, mtaa wa Deira, Dubai, akisubiri sahihi ya mzigo aliouleta, ndipo alipomsikia mwenye duka akimfukuza mteja kwa Kiarabu chenye adabu.

"Una umri gani?"

"Kumi na tisa."

"Rudi ukitimiza ishirini na moja."

"Sitaki bunduki," kijana akalalama. "Ya marehemu babu ipo nyumbani. Nataka kitako tu, cha zamani kimepasuka. Ni kipande cha mti!"

"Kipande cha mti kikishakuwa cha bunduki, ni bunduki. Umri wako huo sikuuzii kitako, sikuuzii mtutu, sikuuzii hata skrubu. Khalas."

Kijana akatoka. Alikuwa na kanzu nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi, kofia ya Ferrari, na saa pana kama kisosi. Alipofika mlangoni akanong'ona, tena si kwa Kiarabu: "Ama watu hawa wana inda!"

Kilikuwa Kiunguja safi, kile cha mabibi wa Mji Mkongwe. Wengine wakisikia lugha ya kwao ugenini hukumbuka mama. Shakir alikumbuka biashara.

Mzaliwa huyu wa Kibokoni, Mombasa, alikuwa tarishi wa kampuni moja ya mizigo kwenye eneo huru la biashara la uwanja wa ndege. Ajira hiyo ilimpa gari la kampuni na viza. Chakula cha nafsi alikitafuta kwingine. Mwaka huo huo wa 2007 alikuwa amempangisha mhasibu mmoja chumba cha ghorofa ya ishirini, Jumeirah Lake Towers, katika jengo lililokuwa halijafika hata ghorofa ya sita. Hakuona dhambi. Mji mzima ulikuwa ukiuza hewa, tofauti ni kwamba wenzake walikuwa na ofisi na picha za rangi.

Akamfuata kijana hadi kwenye maegesho.

"Samahani, ndugu yangu. Nimesikia ulivyodhalilishwa mle ndani, nikaona haya kwa niaba ya Waislamu wote."

Kijana akageuka. "Wewe wajua Kiswahili?"

"Nimezaliwa nacho. Shakir."

"Raed. Mimi nimefunzwa na bibi yangu. Nyumbani kwake Kiarabu chaishia mlangoni."

Akaeleza shida yake bila kuulizwa mara mbili. Binamu zake wakubwa walikuwa wakienda kuwinda Pakistani, naye wakimwacha nyuma kama mtoto wa kunyonya. Bunduki ya babu ilikuwa imefungiwa kabatini na ufunguo anao bibi. Alitaka siku atakayotimiza umri aitoe imekamilika, awafunge midomo.

"Kitako nitakupatia, cha mti wa jozi," Shakir akasema. "Jozi ya Kijerumani. Lakini nina sharti."

"Lipi?"

"Usikigusishe na ile bunduki mpaka utimize ishirini na moja. Kiweke kimefungwa, usikijaribishe. Mimi ni mtu wa kuheshimu sheria."

Raed akamkazia macho kwa heshima mpya. Hajapata kukutana na mhalifu mwenye maadili namna ile.

Hapo ndipo palipokuwa na uzuri wa mpango wenyewe. Mteja wa kawaida ukimtapeli, kesho yake yuko kituoni. Lakini mteja asiyeruhusiwa kununua atasema nini? Atamwambia polisi, "Afande, nimeuziwa kitu cha haramu, kumbe si cha haramu"? Aliyeitunga sheria ile alikusudia kuwalinda vijana wasijiumize. Bila kujua akamzalishia Shakir wateja wenye mali, wenye hamu na wasio na mdomo.

Jioni akaenda kwa Justus, fundi seremala kutoka Bungoma aliyekuwa akitengeneza samani kuukuu huko Satwa.

"Nataka kitako cha bunduki," Shakir akamwambia.

"Wewe ni mwenda wazimu? Unataka tufungwe?"

"Kisiwe cha bunduki. Kifanane tu."

Justus akakuna kichwa, akaleta mguu wa kitanda kilichotupwa na hoteli moja. Akauchonga, akaupinda kiuno, akaupaka vanishi ya rangi ya asali. Ulipokauka, hata yeye aliushika kwa woga.

"Boss, hii kitu imetoka poa mpaka naogopa," akasema.

Raed hakuwa na fedha ambazo baba yake hangeziulizia, kwa hiyo alilipa kwa ile saa yake. Wiki haikuisha, akaleta marafiki. Mmoja alitaka mtutu, akapewa bomba la pazia lililopakwa rangi nyeusi, akatoa kamera. Mwingine alitaka kifyatuo, akapewa kitasa cha dirisha kilichopakwa grisi, akatoa simu mbili na miwani ya jua. Kila mmoja alipewa pia nasaha: usiguse, usijaribu, subiri umri. Shakir alisema maneno hayo kwa sauti ya imamu, na vijana wakainamisha vichwa. Huenda hakuna mtu katika Ghuba nzima aliyewahimiza vijana kutii sheria za silaha kwa bidii kama yeye.

Mali ile aliitia kwenye sanduku, na sanduku alitembea nalo ndani ya gari la kampuni. Chumba alicholala kilikuwa na wanaume wanane, na Shakir hakuwaamini watu. Mwisho wa mwezi angechukua likizo, apande ndege ya Mombasa, na kurudi pengine asirudi.

Ndipo Raed alipompigia simu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Bibi amekiona kitako. Nilikificha chini ya kitanda."

Shakir akauliza, "Amekasirika?"

"Hata! Amefurahi. Asema anataka bunduki ya marehemu itengenezwe yote, si kitako peke yake. Na yeye umri anao."

Mtu mwenye busara angezima simu na kwenda kununua tiketi. Shakir alinunua marashi, akanyoa ndevu, akaenda.

Bi Joha, bibi yake Raed, alikuwa mwanamke mfupi aliyejifunga kanga juu ya gauni la hariri, bangili za dhahabu zimempanda hadi karibu na kiwiko. Kando yake alikaa mzee wa makamo, kimya, mwenye masharubu ya kutisha, akinywa kahawa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wa Mombasa, eti? Mombasa watu waungwana." Akamkabidhi tende, kisha akakichukua kile kitako, akakipapasa kama anayechagua kitambaa dukani. "Sasa niambie, mwanangu. Hiki ni cha bunduki kweli?"

"Cha bunduki hasa, bibi. Jozi ya Kijerumani."

"Usije ukanidanganya mtu mzima."

"Bibi! Naapa kwa Mola. Hiki ni cha bunduki na hakifai kwa kitu kingine chochote."

"Aidarus, umesikia?"

"Nimesikia," yule mwenye masharubu akasema. "Tena ameapa."

"Huyu ndugu yangu," Bi Joha akaeleza kwa upole. "Jela ya hapa aijua ndani na nje. Hao wakubwa wa polisi wote wamwita kwa jina."

Shakir akairudisha tende sahanini.

Aidarus akaweka kikombe chini. "Raed ana miaka kumi na tisa. Kwa hiyo umemuuzia mtoto sehemu ya bunduki."

"Si ya bunduki!" Shakir akaruka wima.

"Umeapa sasa hivi."

"Nimeapa uongo! Ni mguu wa kitanda! Tazama hapa chini, mzee, hili ni tundu la gurudumu! Bunduki gani ina gurudumu?"

"Kwa hiyo umemtapeli mjukuu wangu," Bi Joha akasema kwa huzuni.

"Ndiyo, bibi! Nimemtapeli! Nimemtapeli kabisa, wallahi, yeye na wenzake wote!"

Wakili hajapata kumtetea mteja kwa moyo kama Shakir alivyoutetea utapeli wake siku ile. Alileta ushahidi. Alimtaja Justus, hoteli, na aina ya vanishi. Jasho lilimtiririka mpaka marashi yakageuka harufu.

Bi Joha akamsikiliza hadi mwisho. "Aidarus, lipi zito zaidi? Bunduki au utapeli?"

"Bunduki ni miaka. Utapeli ni miezi, halafu ndege ya kwao na asirudi tena."

"Maskini. Na mlalamikaji akikosekana?"

"Mlalamikaji akikosekana, kesi itatoka wapi? Lakini vile vitu vya watoto lazima vionekane."

Shakir alikwenda garini mwenyewe. Alilibeba sanduku kwa mikono miwili, akaliweka miguuni pa Bi Joha, akambusu mkono, akashukuru. Alitoka pale akijiona amezaliwa upya, na kwa siku nyingi kila alipoona gari la polisi alisoma dua.

Alikuwa bado anasoma dua mwezi uliofuata, alipotumwa kupeleka katoni za lozi kwenye duka moja la halua, nyuma ya soko la viungo. Nyuma ya sufuria kubwa la shaba, mwiko mkononi, alisimama Aidarus.

"Afisa?" Shakir akasema kabla hajajizuia.

"Afisa nani?" Aidarus akaendelea kukoroga. "Mimi muuza halua."

"Lakini bibi alisema jela waijua!"

"Naijua. Kila Idi nawapelekea halua, wafungwa na askari. Ndiyo maana wakubwa waniita kwa jina."

Shakir akakaa juu ya katoni. "Na vitu? Amewarudishia vijana?"

"Vijana wameambiwa polisi wamevichukua, nao wakikaa kimya hakuna atakayewaita. Wamekaa kimya. Joha amebadilisha sofa zote."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Shakir alihisi uchungu wa wale waliotapeliwa, na akauona ni uchungu usiovumilika kabisa. Alitaka kupiga kelele. Akafikiria angempigia nani.

Aidarus akachota halua, akaifunga kwenye karatasi, akamsogezea.

"Joha akuulizia. Ana shoga yake Sharjah, naye ana mjukuu wa miaka kumi na minane aliyekataliwa darubini ya bunduki. Familia nzito. Wewe utauza, sisi tutakuja kunywa kahawa."

"Na fungu langu?"

"Fungu lako ni kuendelea kukaa Dubai."

Shakir aliionja ile halua. Ilikuwa na lozi nyingi, na bado ya moto. Akalamba kidole taratibu, akapangusa mikono kwenye suruali ya kazi.

"Yalla," akasema. "Lini?"