Kahawa ya Bamia

Jumatatu, 6 Oktoba

Joto la kuua. Mama amevaa sweta. Baadaye kidogo amelivua, akafungua madirisha yote, akajipepea kwa mfuniko wa sufuria na kuuliza nani kawasha moto. Hakuna aliyewasha moto. Ni Tabora tu, mwezi wa kumi, mvua bado.

Mimi Manal, mwenye shahada ya takwimu na asiye na kazi, nimejikabidhi kesi hii rasmi. Washukiwa ni watatu. Kwanza, tezi ya shingo: imekuwa na uvivu tangu mwaka jana na inamezewa kidonge kila asubuhi. Juzijuzi daktari ameipandisha dozi. Pili, umri: Mama ana miaka arobaini na minane, na siku zake sasa zinakuja zinapojisikia. Tatu, hali ya hewa. Ushahidi umechanganyika vibaya. Moyo kwenda mbio. Usingizi kupotea. Machozi taarifa ya habari ikisomwa. Jana funguo za duka zilipatikana ndani ya mchele.

Na muda hatuna. Jumamosi binamu yangu Wafaa anaolewa Kwihara, na Ijumaa Mama anapika halwa. Tangu bibi afariki, hakuna harusi ya ukoo wetu iliyoliwa halwa ya mkono mwingine. Lakini harusi iliyopita Mama alisahau sukari. Tangu hapo Bi Mwanahawa wa Isevya, mpinzani wake wa miaka yote, anakuja barazani kwetu kila asubuhi kumsihi apumzike, kwa sauti ya mtu anayesoma dua ya maiti.

Hapumziki mtu! Nitamponya kabla ya Ijumaa.

Jumanne, 7 Oktoba

Ugunduzi! Nimemvizia Mama nyuma ya pazia. Kidonge anakimeza kwa kahawa.

Daktari Zablon alisema wazi: tumbo tupu, maji matupu, kisha asubiri saa nzima. Hasa kahawa isiguswe, maana inaizuia dawa kuingia mwilini. Nikamkabili Mama. Akaniuliza kahawa ni nini kama si maji yaliyochemshwa. Nikamwomba basi aicheleweshe. Akanitazama kama nimemwomba acheleweshe jua. Wanawake wa mtaa wetu wa Gongoni wanaikuta barazani kwetu tangu enzi za mama mkwe wake. Mwenye nyumba anakunywa kikombe cha kwanza mbele yao, ndipo wengine wanamiminiwa. Akichelewa watahamia kwa nani? Hakulitaja jina. Hakukuwa na haja.

Nimemwomba Baba msaada. Amesema yeye anauza vipuri vya baiskeli na asiingizwe.

Hoja imeshindwa. Nahamia kwenye hila. Nimesoma mahali kwamba mbegu za bamia zikikaangwa zinatoa kinywaji cheusi kisicho na hata chembe ya kahawa. Nimetoka sokoni sasa hivi. Kilo nzima!

Jumatano, 8 Oktoba

Usiku nimekaanga mbegu. Moshi. Jirani alikuja na ndoo ya maji. Nimemwambia ni udi.

Asubuhi nilijaza birika mwenyewe, nikazidisha iliki na tangawizi kuficha maovu. Mama akanywa kikombe cha kwanza. Akanywa tena. Wageni wakamiminiwa, wakameza kwa heshima. Bi Mwanahawa akashusha kikombe chake na kumuuliza Mama kwa upole:

"Khole, shoga yangu, umekaanga kahawa au umekaanga mkeka?"

Baraza zima likacheka. Mama hakucheka. Na hapa ndipo hesabu zangu zilipopwaya: sikutarajia kwamba hatalishuku birika. Alijishuku mwenyewe. Kahawa ile aliikaanga kwa mkono wake Jumapili, akaionja, akaona nzuri. Kumbe ulikuwa mkeka! Basi ulimi ulimdanganya Jumapili, na keshokutwa utamdanganya mbele ya halwa. Nimemkuta jikoni akionja chumvi, kisha limau, kisha chumvi tena, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

Ningeweza kumwambia ukweli. Nimeufikiria kwa uzito unaostahili, nikaona hauna mbinu yoyote ndani yake. Tena jaribio halikatizwi katikati.

Alhamisi, 9 Oktoba

Bamia tena. Wageni wachache. Mama ametuma ujumbe Kwihara: halwa apike Mwanahawa, yeye ulimi umekufa. Kisha akajifunga mtandio na kusema tunakwenda kwa daktari.

Daktari Zablon alisikiliza vyote: joto, baridi, moyo, usahaulifu. Aliitikia kila kimoja kama mtu anayesalimiwa na majirani. Lakini hili la ulimi likamkunja uso. Akasema halikai na mengine, na pengine Mama aende Mwanza akapigwe picha ya kichwa.

Mama akasema sawa. Alilisema kwa sauti ndogo sana, akaanza kukunja ncha ya mtandio wake, akaikunja mpaka haikukunjika tena.

Nikasikia mtu akisema, "Bamia."

Kumbe ni mimi.

Nikaeleza. Daktari akavua miwani, akacheka mpaka muuguzi akafungua mlango kuchungulia. Alipomaliza akauliza kidonge kilikuwa kikimezwa na nini kabla ya bamia, na Mama ikabidi naye aseme.

"Kumbe muda wote huu nilikuwa naitibu kahawa," daktari akasema.

Amerudisha dozi ya zamani. Maji matupu, saa nzima, damu ipimwe baada ya wiki sita. Moyo ukienda mbio tena, Mama aje siku hiyohiyo. Mengine huenda ni tezi, huenda ni umri, huenda vyote vinasukumana mlango mmoja, na hakuna wa kuvitenganisha kwa siku mbili. Nikamwambia harusi ni Jumamosi. Akasema tezi haijaalikwa.

Njia nzima Mama alitembea hatua mbili mbele yangu. Mlangoni aligeuka.

"Nilidhani nimekwisha, Manal. Na wewe ulikuwa unanitazama."

Nimejaribu kuandika hapa sentensi kadhaa. Zote zinanitetea.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mama amemeza kidonge kwa maji alipoamka kwa sala ya alfajiri, kabla ya udhu. Akasali, akavuta uradi. Jua lilipochomoza wageni wakafika, kahawa halisi ikamiminwa. Saa nzima ilikuwa imepita yenyewe! Mimi nilikuwa nimeandaa mpango unaohusisha kurudisha nyuma saa ya ukutani.

Kwihara. Bi Mwanahawa alikuwa tayari juu ya sufuria, mwiko mkononi, amesimama kama amepigwa picha. Mama akamsalimu. Akachota kidogo, akapuliza, akaonja. Kama ulimi umerudi, Mama amerudi. Kama haujarudi, nimemuua mpishi kwa mboga.

Akasema iliki iko sawa, sukari ni ya kuwapendeza watoto, na maji ya waridi hayakutiwa kabisa.

Bi Mwanahawa akaonja. Akaonja tena. Akamkabidhi mwiko.

Ushindi! Uliodumu kitambo kidogo. Joto likampanda Mama ghafla, jasho likamchuruzika, akauachia mwiko. Halwa haiachwi hata kidogo, inashika chini. Kabla sijafika, Bi Mwanahawa alishaurudia mwiko.

"Nenda kapunge upepo," akamwambia chinichini. "Likinipanda mimi, utanipokea."

Mama akakodoa macho. Akamuuliza kama na yeye. Bi Mwanahawa akasema tangu Ramadhani analala sakafuni juu ya saruji, na mumewe anaamini wamegombana. Wakacheka mpaka Wafaa akatoka nje na hina ya mkono mmoja. Mchana kutwa walipokezana: mmoja motoni, mwingine kwenye upepo. Mimi nilipewa kazi ya kushika pepeo na kufunga mdomo.

Jumapili, 12 Oktoba

Halwa iliisha kabla ya pilau. Kila mmoja wao anasema ni yake.

Mama amenisemesha. Ameniagiza sweta, kisha feni, kisha sweta. Nalihesabu hilo kuwa msamaha.

Leo barazani Bi Mwanahawa amelalamika kwamba usingizi hauji na moyo unamdundadunda. Huyo ni mtu anayekunywa kahawa kuanzia alfajiri hadi isha! Wamempa pole, wakammiminia kikombe kingine. Mama amemshauri aende kwa Daktari Zablon, akapimwe na yeye. Akasema ataona. Wanaosema wataona hawaendi. Inaonekana ni mimi peke yangu ninayeliona tatizo.

Somo la wiki hii nimelipata barabara: moto ulikuwa mkali mno. Bamia inataka moto mdogo na subira, na iliki kiasi. Mbegu zimebaki nusu kilo. Kesho nampelekea Isevya zawadi ya kahawa, kumshukuru.