Mshahara Unaolingana na Hadhi Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimegundua kwamba ninapunjwa. Gazeti linasema kuna mkurugenzi mkuu wa kampuni ya teknolojia, huko ng'ambo, anayelipwa kuliko wizara nzima. Mimi pia ni mkurugenzi mkuu. Mimi pia niko kwenye teknolojia. Programu yetu ya simu humwambia mtu foleni ya benki ina urefu gani kabla hajatoka nyumbani. Wafanyakazi: mimi, mke wangu ambaye ni mhasibu, na fundi wa kompyuta tunayemwita Kimya. Kampuni ndogo, sawa. Pilipili nayo ni ndogo.

Ijumaa ni mkutano mkuu wa wanahisa. Nitaomba nyongeza nono. Mke wangu akanikumbusha kwamba mwaka jana tulipata hasara. Nikamwambia hasara ni ya kampuni, mshahara ni wangu. Akarudi kwenye hesabu zake. Nimechukulia kwamba ameafiki.

Jumanne, 4 Machi

Wanahisa wakubwa ni wawili: mama mkwe, aliyetoa mtaji, na daktari mmoja wa meno. Mimi nina hisa kiduchu. Nikimpata mmoja wao tu, kura zinatosha.

Nimeanza na mama mkwe. Nilijitolea kumtengenezea bomba la jikoni. Bomba silijui. Maji yalifika sebuleni. Nikiwa nimepiga magoti na dekio, nikamgusia habari ya mshahara. Akaniuliza kwa upole: mwanangu, fundi akikuharibia bomba, unamwongezea ujira? Nikasema inategemea mkataba. Akaniambia nikamue dekio vizuri.

Nadhani analifikiria.

Jumatano, 5 Machi

Daktari wa meno haonani na mtu asiye mgonjwa. Basi nikasema jino linaniuma. Mpango safi: mimi na yeye tu, mlango umefungwa. Sikukumbuka kwamba kwenye kiti kile anayezungumza ni daktari.

Nikiwa nimeachama, akanieleza kwamba mama mkwe wangu amempigia simu, kwamba tamaa mbele mauti nyuma, na kwamba kura yake sitaiona. Nikapinga kwa "aaah" kali. Akagonga jino moja, akauliza kama ndilo lenyewe linaloniuma. Nikapinga tena, kwa ukali zaidi. Akaling'oa.

Jino zima kabisa, halina hata doa. Na nimelilipia.

Alhamisi, 6 Machi

Shavu limevimba, lakini kichwa kinafanya kazi. Nimepata wazo: malipo yafuate matokeo! Watumiaji wakiongezeka, mshahara unapanda. Mwanahisa gani atalikataa hilo?

Kimya, ambaye huwa hasemi, alitaka kuniambia jambo kuhusu idadi ya watumiaji. Nikamwomba asinitibulie furaha. Kisha nikajifungia ofisini nikacheza kidogo, mikono juu, kiuno kikifuata.

Mke wangu anasema mlango ule ni wa kioo.

Ijumaa, 7 Machi

Mkutano, sebuleni kwa mama mkwe. Zulia bado bichi. Pendekezo langu limepita kwa kauli moja. Sijawahi kupigiwa makofi namna ile. Daktari akauliza kama kanuni itafuatwa pia idadi ikishuka. Raha ilikuwa imenipanda kichwani. Nikasema bila shaka, mimi si mwoga.

Ndipo Kimya akaombwa asome idadi. Siku hizi watu wanamaliza mambo ya benki kwenye simu zao. Foleni hakuna. Wanaoitumia programu yetu hawafiki idadi ya tuliokuwa sebuleni, na daktari alikiri kwamba yeye ameshaifuta. Mama mkwe akapiga hesabu kwenye vidole, akasema kwa kanuni yangu mwenyewe sistahili kulipwa, nastahili kurudisha kidogo.

Nikajiuzulu kwa heshima. Nikasubiri wanizuie. Wakauliza nani anamtaka mke wangu ashike nafasi yangu. Amepita kwa kura zote, yangu ikiwemo. Nilikuwa nimenyoosha mkono kuomba maji.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu ameniletea supu kitandani. Amesema bila mimi kampuni isingezaliwa, na kwamba yeye na Kimya wanataka kuihamishia programu kwenye hospitali, ambako foleni bado zipo, tena ndefu. Wazo zuri mno. Machozi yalinitoka. Nimemwambia ni fizi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeamka mwanahisa tu, mwepesi kama unyoya. Mke wangu kaenda kazini, mkataba wake kauacha mezani. Nikausoma. Analipwa sawasawa na nilivyokuwa nikilipwa mimi.

Nimeshtuka. Kampuni ina hasara, na mkurugenzi anachota kiasi hicho? Wanahisa wadogo tunanyonywa hivihivi tukiangalia. Nimempigia mama mkwe kudai kikao cha dharura. Akaniuliza kama najua kwamba mshahara huo ndio unaolipia paa ninalolala chini yake. Nikamjibu kwamba mambo ya nyumbani na utawala bora havichanganywi. Akakata simu. Amezidiwa na hoja.

Kinachohitajika ni kamati ya kudhibiti mishahara, yenye mwenyekiti asiyeyumba. Nimejiteua. Kazi ni nzito na ina lawama nyingi, kwa hiyo posho ya mwenyekiti haiwezi kuwa chini ya mshahara wa mkurugenzi.