Miezi Minane ya Kuhamia Mfumo Mpya

Inatangazwa rasmi, kwa wanaohusika na hata wasiohusika, kwamba zoezi la kuzihamisha kompyuta themanini na nne za chuo kikuu chetu kutoka mfumo wa zamani kwenda mfumo mpya lilikamilika mwaka 2001 kwa mafanikio makubwa. Wanaosema lilishindikana ni watu wenye tabia ya kuwasha kompyuta. Mimi, Gadiel, nilikuwa Katibu wa Kamati Kuu ya Maandalizi, na nasema ninachokijua.

Zama zilikuwa za utandawazi na ubinafsishaji. Mkuu wa Chuo, Profesa Abdiel, alirudi kutoka semina Dar es Salaam akatuambia kwamba dunia nzima imeshahama, sisi tu ndio tumebaki na mfumo wa mwaka tisini na tano. "Tunachekwa," alisema. Papo hapo ikaundwa kamati.

Kupanga jambo tunajua. Huku Arusha mtu mzima ambaye hajawahi kukaa kwenye kamati ya harusi anatiliwa shaka. Mimi binafsi nimekuwa katibu wa kamati kumi na saba, kutoka Usa River hadi Elerai, na katika zote kumi na saba bibi harusi alifika. Basi tukatumia utaalamu tuliokuwa nao. Zikaundwa kamati ndogo za chakula, mapambo, burudani, itifaki na picha za video. Wajumbe tulikuwa ishirini na sita, wote wakuu wa idara na vitengo. Kwa uzito wa jambo lenyewe, Profesa akatoa waraka wa kutuondolea majukumu mengine yote kuanzia Machi mpaka siku ya kilele, na kazi zetu za ofisini zikakabidhiwa makarani.

Fundi wa kompyuta, Yiamat, mtu wa Oldonyo Sambu, hakuwekwa kwenye kamati. Ilionekana anayajua mno mambo ya kompyuta, angeweza kupendelea upande mmoja.

Kulikuwa na ajenda nyingine, ya siri. Wizara ilitaka chuo kipunguze wafanyakazi ishirini, na Profesa aliona mbali: mfumo mpya ukishaingia, makarani wa nini? Aliyachapa majina yao mwenyewe, kwa kidole kimoja, kwa siku tatu, akayafungia ndani ya kompyuta yake. Kwenye karatasi hakuyatoa, kwa sababu printa ilikuwa kwa makarani. Jina la kwanza lilikuwa la Evaresta, karani wa mitihani, mjane mwenye miaka kumi na tisa kazini na watoto wawili sekondari. Siri hiyo ilidumu siku mbili, kisha makarani wote wakaijua.

Evaresta akaja ofisini kwangu.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba. Una miadi?"

"Sina, mzee. Yiamat anasema mfumo mpya ukiingia, vyote vilivyomo kwenye kompyuta vinafutika. Matokeo ya wanafunzi mia mbili kumi na wanne yamo mle. Naomba maboksi mawili ya disketi niyahamishe mapema."

"Andika barua."

"Ndiyo hii, mzee."

"Ipitishie kwa mkuu wako wa kitengo."

"Yuko kamati ya chakula. Wanabishana kuhusu ndafu."

"Basi subiri wamalize."

Hakuondoka. Suala la ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, lilikuwa zito kuliko alivyodhani: wajumbe wa Kilimanjaro walitaka mmoja mwenye majani mdomoni, na wajumbe wa upande wa Mlima Meru walitaka wanne wasio na mapambo. Vikao vitatu viliishia hapo.

"Mzee," akasema Evaresta, "ni kweli tunafukuzwa?"

"Hakuna anayefukuzwa. Mtapumzishwa."

"Nikipumzishwa watoto wangu watasomeshwa na nani?"

"Hilo haliko kwenye hadidu za rejea za kamati hii."

Alinitazama mpaka nikaona aibu. Nikainama chini ya meza nikajifanya natafuta muhuri, na nilipoinuka alikuwa ameshatoka.

Disketi alizipata kwa njia isiyo ya kiutaratibu kabisa: aliwaambia wanafunzi, na kila mmoja akaleta ya kwake. Akahamisha matokeo yote. Akaenda hata kwa Profesa kuomba ruhusa ya kumhifadhia na yeye vitu vyake, lakini Profesa akamwambia kompyuta ya Mkuu wa Chuo haiguswi na karani. Evaresta akatii.

Siku ya kilele ilifika mwezi Novemba. Turubai lilifungwa, tarumbeta zikalia, wajumbe wote tukavaa kitenge cha sare. Mgeni rasmi alikuwa Bi Fransiska kutoka wizarani, mama mpole mwenye mkoba mkubwa. Alikuja kwa kazi mbili: kuzindua mfumo na kuondoka na majina ya wale ishirini, ambayo mwisho wa kuyapokea ulikuwa siku hiyo hiyo. Kwa kufuata itifaki, kompyuta zingehamishwa kwa mpangilio wa vyeo. Kompyuta ya Profesa ikapandishwa meza kuu, katikati ya maua.

Yiamat akamnong'oneza, "Profesa, humu hamna kitu cha kuhifadhi kwanza?"

"Bwana, usituchafulie ratiba."

Mgeni rasmi akabonyeza. Vigelegele! Kwa saa nzima tuliangalia mstari ukitembea kwenye kioo huku tukila. Mstari ulipofika mwisho, mfumo mpya ukatokea, mzuri, wenye rangi, hauna kitu chochote ndani. Tukapiga makofi tukiwa tumesimama.

"Hongereni," alisema Bi Fransiska. "Sasa nipeni yale majina."

Profesa akatazama kioo. Akamtazama Yiamat. Yiamat akatazama mlima.

"Yamehamia mfumo mpya," akasema Profesa.

"Yako wapi?"

"Bado hayajafika."

"Basi nitajie, niandike."

Profesa alikumbuka moja tu. "Evaresta na wenzake."

"Evaresta ni nani?"

"Ni mimi, mama," akajibu Evaresta, aliyekuwa anagawa soda.

"Unafanya kazi gani hapa?"

"Mitihani, mama. Na tangu Machi, udahili, na stoo, na barua za Profesa."

Nikaona heshima ya chuo inaelekea kubaya. Nikainuka na jalada la vikao.

"Mama, tusieleweke vibaya," nikasema. "Chuo hiki kina nidhamu. Wajumbe ishirini na sita hatukugusa kazi ya ofisi kwa miezi minane, na hakuna hata kitu kimoja kilichokwama."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja!"

"Mitihani?"

"Ilifanyika kwa wakati. Mwaka jana, tulipokuwa ofisini, ilichelewa wiki sita."

Hapo nilijisikia fahari kweli. Bi Fransiska akalichukua jalada, akafungua ukurasa wa kwanza, wenye majina yetu kwa mpangilio wa vyeo, saini na mihuri. Akayahesabu kwa ncha ya kalamu.

"Tuliomba ishirini," akasema. "Hawa ni ishirini na sita. Si mbaya."

Akauchomoa ukurasa, akautia kwenye mkoba. Profesa akacheka, akidhani ni utani wa wizarani. Na mimi nikacheka, kwa kuwa bosi wangu ameshacheka.

Barua zilifika baada ya wiki tatu. Evaresta, ambaye sasa anakaimu ofisi ya msajili, alituita mmoja mmoja, kwa vyeo, akatupa kitabu cha kupokelea tusaini. Mimi aliniamkia kama kawaida. Iliniuma, sitaficha.

Nimeisoma barua hiyo mara nyingi na sijaona kosa hata moja la kiutaratibu. Inasema kwamba majaribio ya miezi minane yamethibitisha bila shaka kuwa chuo kinaweza kuendelea bila mimi, na kwamba wizara inanishukuru kwa kuyaandaa.