Jino la Juu la Stacy

Jumatatu, 8 Mei 1995

Balaa! Jino la Stacy limechomoza, na limechomoza juu! Ufizi wa chini mtupu. Kwetu Kaloleni mtoto anayeanza na meno ya juu huitwa kigego, mtoto wa mkosi. Zamani hawakulelewa. Siku hizi wanalelewa, ila kwa jicho la pembeni. Na mama mkwe anakuja hapa Buxton Jumamosi kumwona mjukuu! Mke wangu Mbodze amecheka, akasema jino ni jino. Kazini Biashara Street nimemkatia mteja doti ya kanga vipande vitatu badala ya viwili. Nina siku tano za kulifanya jino la chini lichomoze.

Jumatano, 10 Mei

Nimemsugua ufizi wa chini kwa asali. Jirani yetu Rispah, muuguzi, akaingia bila hodi, akaninyang'anya kikombe. Akasema asali ni hatari kwa mtoto asiyetimiza mwaka, na hakuna dawa ya kuchagua jino. Ufizi ukimsumbua, apewe kitambaa safi chenye maji baridi atafune. Kwake ni rahisi! Mwanawe alianza na la chini.

Alhamisi, 11 Mei

Mtoto anachemka mwili. Nilifurahi, Mungu nisamehe. Nikajua la chini linakuja, nikamzuia Mbodze asiende zahanati. Adhuhuri Stacy akakataa ziwa, macho yamelegea. Rispah akasema homa kali namna ile si meno, akambeba mwenyewe hadi zahanati. Nikawafuata mbio na kandambili moja mguuni. Kumbe sikio! Usaha! Daktari akaniuliza mimi ni baba wa aina gani. Niliogopa kwelikweli.

Jumamosi, 13 Mei

Homa imeshuka. Nikamtia Stacy nyonyo ya mpira, nikaifunga kwa utepe kisogoni. Mbodze akaufungua, akauliza kama nataka kumnyonga mtoto. Basi mama mkwe alipofika nikamwambia daktari amekataza kinywa kufunguliwa kwa sababu ya sikio. Akampakata, akamtia kidole kinywani papo hapo! Nami heshima ya ukwe hainiruhusu hata kumsogelea. Nikasimama mlangoni. Kidole kikapita chini. Kikapanda juu. Kikasimama.

Mama mkwe akaanza kulia. Nikajua tumekwisha. Akasema Mbodze naye alianza na la juu, yeye akamficha ndani miezi mitatu, hata mama yake mzazi hakumwonyesha. Miezi mitatu mtoto hakuliona jua. Akambusu Stacy juu ya jino lenyewe, akasema mjukuu wake hafichwi.

Jumapili, 21 Mei

La chini limetoka! Nimemweleza Rispah kwamba ile asali ilichelewa tu kufanya kazi. Ameondoka bila kuaga.

Mchana Stacy ameanza kutambaa. Anatambaa kinyumenyume! Sijui wazee walisemaje kuhusu hilo. Nimefunga mlango, nimeshusha mapazia yote. Mbodze bado hajajua.